Saa ya Maji: Mazungumzo Kuhusu Mikondo na Vivuko vya Visiwa Vyetu

Nawasalimu wasikilizaji wangu mlioko hapa Mtambile, kusini mwa Pemba, na ndugu zetu wa Kengeja, Mwambe, Kangani na Kiwani. Nawasalimu mlioko Chokocho mnaosubiri chombo, na nyinyi wa ng'ambo ya maji, Kisiwa Panza na Makoongwe. Mazungumzo ya leo ni ya sote, lakini nyinyi wa visiwani ni yenu zaidi.

Leo nataka tuzungumze habari ya maji kwenda na maji kurudi. Mikondo. Najua wapo watakaosema: huyu atatufundisha nini, sisi tuliozaliwa bahari ikiwa mlangoni? Wana haki ya kusema hivyo. Lakini naomba mnivumilie, kwa sababu watu wetu wamekuwa wakipotea katika vivuko vifupi kabisa, vivuko ambavyo ukisimama upande huu unaziona nguo zilizoanikwa upande wa pili. Mtu akisafiri kwenda Unguja huaga nyumba nzima, huombewa dua, husindikizwa. Anayekwenda Panza haagi. Anasema nakuja sasa hivi, anapanda. Je, wasikilizaji, bahari inajua kwamba safari hii ni fupi?

Tuanze na jambo ambalo wazee wetu walilijua bila ya kitabu. Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na mzunguko huo wote huchukua siku moja na kama dakika 50. Ndiyo maana kesho maji yatajaa saa moja kasorobo hivi baadaye kuliko leo, na keshokutwa yatachelewa tena. Mama zetu wanaolima mwani wanalijua hili kuliko mtu yeyote, maana wao hawaulizi saa, wanauliza mwezi tarehe ngapi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, siku moja au mbili baadaye tunaingia bamvua. Ukifika tarehe nane na tarehe ishirini na mbili, hivi, tunaingia maji mafu. Kalenda ile ile tunayofungia na kufungulia ndiyo kalenda ya bahari.

Sasa, katika bamvua kubwa, tofauti ya maji yaliyojaa na maji yaliyokupwa hapa kwetu hukaribia mita 4. Hicho ni zaidi ya kimo cha watu wawili. Katika maji mafu tofauti hiyo ni mita moja na kidogo tu. Na bamvua la karibu na mwezi wa Machi na Septemba ndilo kubwa kuliko yote ya mwaka. Hebu fikirini: maji ya kimo cha watu wawili, juu ya bahari yote mnayoiona, yanaingia kwenye ghuba na mikoko yetu kwa saa sita, kisha saa sita nyingine yanatoka yote. Yatapita wapi? Penye bahari wazi hupita kwa utaratibu, huna habari nayo. Lakini yakifika penye mlango mwembamba, kati ya kisiwa na kisiwa, au kati ya kisiwa na bara letu hili la Pemba, hubanana kama watu wanaotoka msikitini Ijumaa kwa mlango mmoja. Nyuma wanasukuma, mbele pamebana, na aliye katikati hana hiari. Chombo chako ndicho kiko hapo katikati.

Na kuna jambo jingine ninaloliomba mlikamate vizuri, kwa sababu ndilo hasa lililonileta hapa leo. Maji hayaendi kwa mwendo mmoja kwa saa zote sita. Saa ya kwanza baada ya maji kusimama, yanajikokota. Saa ya pili yanaanza kwenda. Saa ya tatu na saa ya nne ndizo za mbio: katika saa mbili hizo peke yake hupita karibu nusu ya maji yote ya zamu ile. Saa ya tano yanapungua. Saa ya sita yanachoka, kisha yanasimama na kugeuka. Narudia, kwa aliyekuwa anamnyamazisha mtoto: saa ya tatu na saa ya nne, baada ya maji kusimama, ndipo mkondo unapokuwa mkali kuliko wakati wote.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo kwenye saa ya ukutani. Hapa kwetu, siku za bamvua, maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Hukupwa kiasi cha saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila mwanamke aliyewahi kwenda pwani kukamata pweza anajua kwamba bamvua hutoka saa nne asubuhi. Basi hesabuni pamoja nami. Maji yamejaa saa kumi alfajiri, yameanza kupwa. Saa zake za mbio ni zipi? Ni karibu na saa moja asubuhi. Na jioni je? Yamejaa saa kumi, yameanza kupwa, na mbio zake ni karibu na saa moja usiku.

Mmeona? Saa moja asubuhi ni wakati gani kwetu? Ni wakati watu wanavuka kuwahi soko, kuwahi hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani, kuwahi gari. Saa moja usiku ni wakati gani? Magharibi imeshaswaliwa, watu wanarudi harusini, wanarudi mazikoni, na kama ni bamvua la mwezi mpevu, mwezi umetoka, bahari inang'aa, na kila mtu anasema usiku wa leo ni mweupe, twendeni. Yaani saa zile zile ambazo sisi tunazitaka zaidi kuvuka ndizo ambazo maji yanatoka kwa nguvu zaidi, na yanatoka kuelekea nje, kwenye bahari kubwa. Chombo kikiharibika wakati wa maji kujaa, mara nyingi kitasukumwa ndani, kwenye mikoko, kwenye fungu, pahala ambapo mtu anaweza kusimama. Kikiharibika maji yanakupwa, kinapelekwa nje. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu sioni likizungumzwa. Tunazungumza upepo, tunazungumza mvua, tunazungumza mzigo, na yote ni ya kweli. Saa ya maji hatuizungumzi.

Tuje kwenye upepo, maana mkondo peke yake ni nusu ya habari. Nyinyi manahodha mnaijua bahari inayochafuka ghafla mlangoni hali nje imetulia. Sababu yake mara nyingi ni moja: upepo na mkondo vimekutana uso kwa uso. Maji yanakwenda huku, upepo unavuma kutoka huko huko yanakokwenda. Wimbi hapo hupungua urefu na kuongezeka kimo, likawa fupi, limesimama wima, linavunjika. Chombo kidogo hakipati nafasi ya kupanda la kwanza kabla la pili halijaingia ndani. Wakati wa kusi, mlango wowote unaotazama kusini huwa hivyo maji yanapokupwa, kwa kuwa yanatoka kukutana na upepo na mawimbi ya nje. Maji yale yale yakijaa, upepo ule ule, mlango ule ule, unapita bila ya taabu. Ndiyo maana utamsikia kijana anasema, mbona jana nilipita na upepo ulikuwa huu huu? Ulikuwa huu huu, mwanangu, lakini maji hayakuwa haya.

Na upande wa magharibi yetu, kati ya Pemba na Tanga, kuna jambo kubwa zaidi. Kisiwa chetu si kama Unguja, ambayo imekaa juu ya maji ya kina kifupi karibu na bara. Sisi tumetengwa na bara kwa kilindi, mahali pengine kina chake hufika kama mita 800. Katika kilindi hicho unapita mkondo mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki, unaoelekea kaskazini mwaka mzima. Kusi linapovuma unasaidiwa, unakwenda mbio, mahali pengine hadi noti 4. Kaskazi inapovuma unapungua, lakini haugeuki katika bahari yetu, na kwa kuwa upepo sasa unatoka mbele yake, bahari ya katikati huwa ya mawimbi mafupi yanayopiga. Mvuvi aliyezimikiwa na mashine nje ya kisiwa cha Misali wakati wa kusi, akakaa anangoja, anapelekwa kaskazini. Hatasubiri pale pale alipo. Wanaokwenda kumtafuta lazima walijue hilo, wasipoteze mchana mzima wakizunguka pale alipoonekana mwisho.

Misali yenyewe, kwa uzuri wake wote, ina somo lake. Kando ya mwamba wake bahari hushuka ghafla, kutoka kwenye matumbawe yanayoonekana hadi kwenye maji meusi. Nanga inayotupwa nje ya ukingo haipati chini, na inayotupwa ndani ya ukingo inavunja matumbawe, ambayo kisiwa kile kimewekwa katika hifadhi tangu 1998 kwa ajili yake. Na jueni hili pia: mwamba huonekana kwa rangi ya maji, lakini rangi huonekana jua likiwa juu au likiwa mgongoni kwako. Ukitoka Wesha asubuhi kwenda Misali, jua liko nyuma, kila fungu unaliona. Ukitoka jioni, jua liko machoni, bahari yote ni kioo kimoja, na mwamba uliokuwa ukiuona asubuhi hauonekani mpaka umeupanda.

Sasa niseme na vijana wa boti za faiba. Nawapenda, na kazi yenu naiheshimu, nyinyi ndio mnaotuvusha. Lakini imeingia fikra kwamba mashine imeshinda mkondo. Wazee waliokuwa na ngalawa na pondo walikuwa wakisubiri maji, kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Mashine imetuondolea kusubiri, na kwa kutuondolea kusubiri imetuondolea kujifunza. Hebu tupime. Mkondo wa noti 2 tu, ambao si mkali sana katika mlango, ukikushika kwa nusu saa umekupeleka maili moja ya bahari, karibu kilomita 2. Mashine ikiwa inafanya kazi hulioni hilo, kwa kuwa unalipa kwa petroli. Ikizima, deni lote linakuja mara moja. Kamba ya kuwashia inavutwa, inavutwa tena, na huku mikoko inarudi nyuma. Abiria wanasimama. Wakisimama, chombo kinalala upande.

Jambo la kwanza katika hali hiyo ni nanga, kabla ya kugusa mashine. Tupa nanga, chombo kisimame mahali pamoja, ndipo ushughulike na mashine. Lakini nanga iko wapi? Nimeona vyombo vya kuvusha watu ambavyo nanga yake ni jiwe na kamba yake haifiki hata mara mbili ya kina cha mlango wanaovuka kila siku. Kamba fupi haishiki chini, inaburura. Wazee watawaambia kamba iwe mara nyingi zaidi ya kina, ilale, ndipo nanga iingie. Na kasia mbili ziwemo, na chombo cha kufulia maji kimefungwa kwa kamba kisielee kikaondoka, na kila abiria avae jaketi la kuokolea, avae kabla ya kuondoka, lisiwe limekaliwa kama mto.

Wasikilizaji, mwanzoni mwa Januari 2022 chombo kilichobeba watu waliokuwa wakienda mazikoni Kisiwa Panza kilizama. Roho za ndugu zetu zilipotea, watu waliotoka nyumbani kwenda kumzika mtu wakazikwa wao. Hakuna kijiji cha kusini hii ambacho hakikuguswa. Sitaki kuzirudia huzuni za watu kwa ajili ya kipindi, na Mwenyezi Mungu awarehemu. Nataka tuangalie kitu kimoja tu. Mwezi mpya ulikuwa umezaliwa Januari 2. Maana yake siku zile zilikuwa za bamvua, na upepo wa msimu ulikuwa kaskazi. Sisemi kwamba bamvua ndilo lililokizamisha chombo kile. Nauliza swali ambalo naamini linafaa kuulizwa kila mara kabla ya kamba kufunguliwa: maji saa hii yako wapi?

Na hapa pana jambo zito, nalizungumza kwa adabu mbele ya masheikh wanaonisikiliza. Tunaharakisha maziko, na ni sunna kuharakisha. Simu inapigwa, fulani amefariki Panza, maziko baada ya adhuhuri, watu wanamiminika diko moja kwa wakati mmoja. Chombo kimoja, watu wengi, kila mtu ana haki ya kwenda, nahodha anaona haya kumwambia mama mtu mzima ashuke. Lakini kulinda nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia yetu. Je, maiti atadhurika kwa kuzikwa saa mbili baadaye? Nawaomba maimamu wetu walitie hili katika tangazo lenyewe la msiba. Badala ya kusema maziko baada ya adhuhuri basi, waseme: maziko yatakuwa maji yakisimama, na vyombo vitavuka kwa zamu. Likitoka kinywani mwa imamu, nahodha atapata nguvu ya kukataa. Leo hana mtu nyuma yake.

Na safari kubwa je? Hatuwezi kuzungumza habari ya bahari hapa Pemba tukainyamazia MV Spice Islander. Ilitoka Unguja kuja Wete, ikazama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, katika bahari ya Nungwi. Iliruhusiwa abiria wasiozidi 645, ikabeba zaidi sana. Mzigo ndio uliotuulia watu wetu pale, hilo halina mjadala. Lakini kumbukeni kilichofuata: walikuja wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini na hawakuweza kuifikia meli, kwa kina cha bahari na nguvu ya mkondo. Bahari ile ya kati ya Nungwi na kisiwa chetu ndiyo kilindi na mkondo niliowaeleza. Ilikataa kutupa hata maiti zetu wengi.

Baada ya msiba ule na misiba mingine, Mamlaka ya Usafiri Baharini inakagua vyombo, Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari za upepo na mawimbi, kikosi cha KMKM kina boti za uokozi. Nawashukuru. Lakini tahadhari inayosema upepo mkali katika pwani yote ya kaskazini haimwambii nahodha wa Chokocho kama mlango wake unapitika saa saba au saa kumi. Hilo halitatoka Dar es Salaam. Linatakiwa litoke hapa hapa dikoni.

Ninachokiomba ni kidogo. Katika kila diko la kuvushia watu, kuwe na ubao. Ubao mmoja, uliopakwa rangi nyeusi, na chaki. Kila asubuhi mtu aliyeaminiwa na kamati ya diko aandike: leo mwezi tarehe fulani, maji yatajaa saa fulani, yatakupwa saa fulani, saa za mbio ni hizi. Jedwali la maji ya Unguja lipo, bandarini wanapima maji tangu miaka ya 1980, na saa za kwetu haziachani sana na za Unguja. Chini ya ubao yaandikwe maneno ya wazee wa pale, kwa kuwa si kila mlango unageuka pale maji yanapojaa. Kuna milango ambayo maji yameshaanza kushuka ufukweni na katikati mkondo bado unaingia. Hilo halimo katika jedwali lolote. Limo katika vichwa vya wazee, na wazee wanaondoka.

Na walimu wa jiografia wa skuli zetu, nyinyi mnafundisha mwezi na jua kuvuta maji ya bahari, mnachora duara ubaoni, mtoto anapata alama zake. Mpelekeni mtoto yule yule dikoni siku ya bamvua na siku ya maji mafu, apige mti ardhini, apime. Mpeni kipande cha mti mkavu akitupe mlangoni, ahesabu hatua kinachopelekwa kwa dakika moja. Mtoto aliyepima mkondo kwa miguu yake mwenyewe hatapanda chombo kilichojaa saa moja usiku kwa kuwa mwezi unang'aa.

Muda wangu unakaribia kwisha. Kwa hiyo nawapa kazi ya wiki. Manahodha, wavuvi, mama zangu wa pwani: kila mmoja anajua mlango mmoja vizuri kuliko watu wote. Nataka mniletee jina la mlango huo, mwamba au fungu lililo hatari ndani yake, alama mnazozitazama nchi kavu, mnazi gani, mnara upi, na saa ambayo nyinyi wenyewe hamuingii hata mkilipwa. Asiyejua kuandika amwambie mjukuu wake amwandikie. Leteni hapa kituoni, au mkabidhini sheha wenu naye atazifikisha. Wiki ijayo, inshallah, nitaanza kuzisoma, mlango mmoja mmoja, tukianza na wa Chokocho na Panza, kisha Makoongwe, kisha twende Mwambe. Wale wa kaskazini, Fundo na Kokota, na wa mashariki kule Kojani, zamu yenu itakuja.

Na kabla sijaondoka: anayevuka leo jioni, atazame mwezi ni tarehe ngapi, kisha amuulize nahodha wake maji yako wapi.